Muuguzi wa Kiatu Kimoja

Kwenye kiti cha mbele yangu basini aliketi muuguzi mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri na kiatu kimoja. Bibi wa kando yake alivumilia vituo viwili, kisha akauliza, "Mwanangu, cha pili kiko wapi?"

"Chekechea, mama. Jana nilimtoroka binti yangu akicheza, akalia mpaka saa sita. Leo kasema nimwachie kiatu, ndipo ataamini nitarudi."

"Nawe ukavua! Sisi wetu tuliwaacha walie, wakanyamaza wenyewe."

"Na wakaendelea kuwaamini?"

Bibi alitazama dirishani. "Mtoto wangu mkubwa, hata leo nikisema natoka kidogo, ananifuata mpaka mlangoni. Ana miaka arobaini."

"Basi bora niende peku."

"Na kesho akidai sketi?"

Mimi nilianza darasa la jioni nina wajukuu, na siku ya kwanza nilimwomba mume wangu anisubiri nje ya mlango nisiogope, kwa hiyo sikuchangia.

Basi likasimama hospitalini. Muuguzi akashuka, soksi ikatua dimbwini. Nilimwombea mtoto kwanza, kisha mguu.