Kipande cha Sita

Kijiwe chetu ni benchi moja tu, limeegemea ukuta wa gereji, mkabala na geti la hospitali. Juzi saa kumi jioni tulikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa alipotoka getini Fundi Suti, mshonaji wetu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Bintiye wa miaka minne alikuwa amelazwa. Mifupa ilimuuma mpaka sauti ya kulia imemkauka. Mkononi Fundi alishika majibu ya damu: selimundu. Tulimpisha akae, akabaki amesimama.

— Daktari kasema mnyororo wa protini una kosa moja. Moja tu! Ticha, mnyororo gani huo?

Ticha, mwalimu mstaafu wa kemia, akaweka kikombe chini.

— Kwenye damu kuna protini inayobeba hewa. Protini ni minyororo, na kila kipande ni asidi amino. Ziko aina ishirini. Mbili zikishikana zinatema molekuli ya maji, zinabaki zimefungana.

— Kama cheni ya pikipiki, akadakia Breki, mwenye gereji.

— Ila hii hujikunja yenyewe, na huo mkunjo ndio unaoipa kazi. Kwa binti yako, Fundi, kipande cha sita kimebadilika. Palitakiwa kukaa kinachopenda maji, pamekaa kinachoyakimbia. Hewa ikipungua, protini zinagandana, chembe ya damu inapinda kama mundu, inaziba mishipa. Ndiyo maumivu hayo.

— Vipande viko vingapi?

— Mia moja arobaini na sita.

— Na kimoja ndicho kinamliza mwanangu hivi?

Breki akajikuna kichwa.

— Mimi cheni ikiharibika nang'oa kipande kibovu, naweka kingine, mtu anaondoka. Hao madaktari wanashindwa nini?

— Ni ule mnara wa simu, akasema Mama Kahawa, anayetuuzia kahawa, huku akimimina. Ulisimamishwa mwaka aliozaliwa.

— Mnara unaingiaje kwenye damu, mama? akauliza Ticha.

— Si mmesema hewa? Unapitia hewani!

Fundi alikuwa hasikii. Karatasi aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

— Kwetu ugonjwa huu haupo. Ukoo mzima sijausikia. Umetoka kwa mama yake, na nimemwambia palepale wodini, mbele ya watu.

Ticha akafungua mdomo, akaufunga.

— Au mtoto alibadilishwa hospitalini! Breki akapandisha sauti. Fikiria, Fundi. Kama mnyororo wake haufanani na wako, basi huenda hata si...

— Breki! nikamkatiza.

Lakini neno lilishatoka. Fundi akaibana karatasi kiganjani. Hapo ndipo akaja mdogo wa mkewe, kanga begani, anahema.

— Shemeji, tunakutafuta. Daktari anauliza: wewe umepimwa?

Mama Kahawa akabaki na birika hewani.

— Mimi? Mimi siumwi.

— Hajauliza kama unaumwa. Dada ameshapimwa.

Fundi akamgeukia Ticha, sauti chini kabisa.

— Ticha, kwani unatoka kwa mmoja au kwa wote?

Mzee wa watu akaangalia viatu vyake.

— Mtoto akiumwa hivi, ujue amerithi huku na huku. Mzazi anaweza kubeba kosa lake maisha yote asiumwe hata kichwa. Nilijua tangu uliposema umemlaumu mama yake. Nilishindwa kukwambia.

Fundi akapangusa uso kwa kiganja.

— Dada yako anasemaje?

— Hasemi. Amempakata mtoto tu.

Wakavuka barabara wote wawili, Fundi mbele. Karibu na geti akaanza kukimbia.

Jana asubuhi nilipita wodini. Mtoto alikuwa amelala, dripu mkononi, maumivu yamepungua. Mama yake alikuwa kando ya kitanda upande mmoja, Fundi upande wa pili, pamba bado imebandikwa mkononi mwake pale alipotolewa damu ya kupima. Walikuwa hawajaanza kuzungumza. Ila mkewe alikuwa amemmenyea chungwa, na Fundi alikuwa analila taratibu, machozi yakimtoka.