Konrodi Sita za Mama Mkubwa

Ndugu, jamaa na majirani, anayedhani historia hii imetiwa chumvi na asimame abishe sasa hivi, maana msomaji wenu, mtoto wa mdogo wake marehemu, aliacha shule darasa la saba lakini kwa kusoma mbele za watu hajazaliwa wa kumshinda, na nyinyi mafundi mliojipanga huko nyuma mnajua kwamba hata kwa injini hamumuwezi, aliyemuweza ni mtu mmoja tu, naye ndiye tuliyemlaza hapa mbele.

Mama Mkubwa, ambaye gereji nzima ilimwita Mama Sita, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, akapelekwa chuo cha ufundi kusomea ushonaji, akahamia darasa la magari bila kumuaga mtu, na baba yake alipouliza sketi ziko wapi, akaletewa kabureta iliyosuguliwa ikang'aa.

Aliajiriwa gereji ya mabasi Februari 1977, akafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1981 na dereva wa mashindano, huyu Baba Mkubwa aliyekaa kiti cha mbele, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na wajukuu ambao wote wamejua kufungua nati kabla ya kufunga kamba za viatu.

Mwaka 1994 Baba Mkubwa alileta injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, akaitilia turbo ya kuisukumia hewa kwa nguvu, akataka na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inayoipeleka kila pistoni mbali zaidi ili nguvu iongezeke, mambo yanayoielemea konrodi, yaani ule mkono wa chuma unaoiunga pistoni na krenki, nayo ikikatika gari likiwa kasi hutoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagikia matairi, na dereva akabaki mikononi mwa Mungu. Mlangoni mwa gereji palikuwa na injini ya namna hiyo, yenye tundu la kupitisha ngumi, iliyomuua rafiki yao, na Mama Mkubwa aliipita kila asubuhi bila kuitazama.

Zikaletwa seti mbili za konrodi, nene na nyembamba, gereji yote ikashangilia zile nene, Baba Mkubwa akisema, "Mama watoto, turbo hii ni dume, usiiwekee vijiti vya meno," naye akamjibu, "Wewe shika usukani, tumbo la injini niachie mimi," akabandika udongo wa kuchezea wa mwanawe chini ya silinda, akafunga konrodi nene moja, akazungusha krenki kwa mkono, na udongo ukatoka umebanwa kama karatasi, maana kwa krenki ile unene wote ulikuwa unakwenda kugonga ukuta wa injini. Akachagua nyembamba, si kwa wembamba wake bali kwa uimara wa bolti zake mbili za kuifungia kwenye krenki, akieleza kwamba turbo huisukuma konrodi chini tu, kinachoiua ni kuvutwa, pale pistoni inapofika juu na kurudishwa ghafla, na hapo bolti mbili ndizo zinazoshika roho ya mtu.

Kila bolti aliipima urefu kabla na baada ya kuikaza, kwa sababu bolti hurefuka kidogo ndipo ishike, ila ikipitilizwa huchoka na haifai tena, na Baba Mkubwa alimzunguka akimuuliza kama anafunga injini au anashona gauni.

Jumapili tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo, siku ya mashindano, magari yakiwa yanaitwa mstarini, alitangaza mbele ya timu nzima kwamba turbo imekufa na gari haliondoki, akachekwa mpaka na wauza soda, Baba Mkubwa akamnunia mwezi mzima, lakini injini ilifunguliwa, ikafungwa upya, ikakimbia miaka saba bila konrodi kukatika, na jina la Mama Sita likamganda.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akalazwa tarehe 3 Juni mwaka huu, akatutoka Jumanne tarehe 11 Juni 2024, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia utani wake, majirani waliopokezana kukesha naye, na mafundi wenzake waliofunga gereji leo, jambo ambalo angewagombeza.

Karatasi imeishia hapo, ila kuna sehemu msomaji wenu aliiruka, nayo ni ya Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, Mama Mkubwa alipotoka kufuata mafuta ya injini, akarudi akakuta bolti za konrodi ya silinda ya sita zina alama mpya za spana, na mumewe anajifuta mikono akijisifu kwamba ameziongezea robo mzunguko ya kiume, kwa usalama. Alizipima kimyakimya, zimepitiliza, na nyingine hazikuwepo mji mzima. Baba Mkubwa, angekwambia ungebisha, ungepanda gari ukaondoka, wewe unajijua. Turbo ilikuwa nzima. Alimwambia msomaji wenu wodini, akasema kuchekwa hakumtoi mtu roho.

Mama Mkubwa, dereva wako huyu hapa, mzima. Pumzika sasa kwa amani.