Wimbo Aliouimba Nomue kwa Kamun

Wasikilizaji wapendwa, wa bondeni na wa milimani, hebu zimeni mashine za kukoboa mpunga kidogo. Nomue ametutoka. Nomue, binti wa Mzee Taku, ameuawa na tembo aliyemtunza. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Tembo huyo ni Kamun. Jike, kipofu wa macho yote mawili. Alivuta magogo, akabeba watalii, mpaka kituo cha tembo waliookolewa kikamchukua akiwa mifupa mitupu. Na mtu wa kwanza kumfunga Kamun, angali ndama, alikuwa Mzee Taku. Baba yake Nomue. Alimbana katika kizimba cha magogo siku sita, bila maji, akimchoma kwa fimbo yenye msumari, hadi akakubali kupandwa. Nomue hakuwa amezaliwa, lakini kisa hicho alikijua. Sote tulikijua.

Aliposikia Kamun yuko kituoni, alikwenda kujitolea. Miaka mitatu. Alikanda matonge ya wali, ndizi na ukwaju, maana meno ya Kamun yamekwisha. Alimwosha jipu la mguu. Yote hayo akiwa nje ya nguzo za zizi lake, mkono tu ndio unaopenya. Mguu Kamun aliutoa. Uso hapana. Ukimgusa uso, mkonga unausukuma mkono wako.

Kaka yake, Dicha, alikuwa akimtania: "We dada, huyo tembo umemposa? Baba yuko hapa mgongo unamuuma, hujamkanda hata mara moja!"

"Baba ana macho, ajikande," Nomue alimjibu. "Kamun akinipa uso wake siku moja tu, nitajua ametusamehe. Nitarudi nyumbani."

Jumanne mchana, msumeno wa mashine ulianza kunguruma msitu wa jirani. Kamun akashikwa na kiwewe. Akawa anagonga nguzo kwa kichwa, damu inatiririka. Nomue akaimba. Hakuwahi kuimba pale, aliionea haya sauti yake. Aliimba wimbo aliobembelezewa na baba yake utotoni.

Kamun akaacha kugonga. Akakusanya miguu yote minne pamoja. Akainamisha kichwa. Mkojo ukamtoka.

"Ametulia!" Nomue alisema. "Jamani, ametulia!"

Sipo, anayejitolea naye, alipiga kelele: "Dada, toka! Huyo hajatulia, anatetemeka!"

Nomue alikwishapita katikati ya nguzo. Alimwekea Kamun kiganja usoni, akiwa bado anaimba. Mkonga haukumsukuma. Sipo anasema ulikuwa muda wa pumzi mbili. Kisha Kamun akambana kwenye nguzo, wimbo ukakatika.

Juzi vijana waliuzunguka mwili wakiimba, kama ada yetu. Dicha akamwambia baba yake, "Baba, mwimbie ule wake."

"Siuimbi."

"Hata leo, baba?"

Mzee Taku akatema tambuu. "Ule ni wa kizimbani. Niliutunga mwenyewe. Nilimwimbia Kamun siku zote sita, nikichoma naimba, aijue sauti ya bwana wake. Nomue alipozaliwa, sikuwa na mwingine."

"Na hukumwambia? Miaka mitatu anakwenda kule, hukumwambia?"

"Utotoni alikuwa analala nao vizuri," mzee alisema.

Mzee Taku, pole. Dicha, pole sana. Sipo, usijilaumu, ulipaza sauti. Kamun yu hai. Tangu Jumanne amesimama palepale, miguu pamoja, na matonge hayagusi.

Wazazi mnaonisikiliza, lipo jambo mlilolifanya ambalo watoto wenu wanalijua nusu. Wamalizieni nusu iliyobaki, leo, wakiwa wanawasikia.

Hapa kwa kawaida tunapiga wimbo aliopenda marehemu. Wasikilizaji wapendwa, leo hatupigi.