Kikombe cha Sindano

Benchi letu limeegemea ukuta wa Kinyozi, lina miguu mitatu na tofali. Wa kudumu tuko watano: Kinyozi, Betri fundi redio, Profesa muuza magazeti ya jana, mimi mshona viatu, na Sindano, fundi cherehani. Sindano leo siku ya tisa amelazwa, nimonia, hata akicheka kikohozi kinamkatiza, na asubuhi hii daktari anaamua kama atamruhusu. Desturi yetu, mwenzetu akiumwa anamiminiwa kahawa kila siku, kikombe kinakaa nafasi yake, na hakuna wa kukigusa. Nimemkumbuka yule mtu mpaka naona aibu kusema.

KINYOZI: Jana nilimwona. Wamempima makohozi. Daktari anasema njia ya hewa ya kila mtu ina bakteria wa kila aina.

BETRI: Jisemee wewe. Mimi naoga.

KINYOZI: Kila mtu! Aina zikiwa nyingi zinabanana, hakuna wa kujifanya bosi. Kwa Sindano aina moja imezaana, imewafukuza wenzake.

PROFESA: Si nilisema? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

BETRI: Jembe kifuani mwa mtu?

PROFESA: Wakalime huko mbele!

BETRI: Hayo ni mawimbi. Stesheni moja ikizidi nguvu, inafunika zote. Wangemgeuza tu Sindano aelekee dirishani.

PROFESA: Jiulize, kwa nini mapafu mawili? Moja serikali, moja upinzani. Lisemwalo lipo!

MIMI: Lakini atapona?

Kinyozi akafuta wembe uliokuwa safi tangu alfajiri.

Hapo akatokea Sindano mwenyewe, kashikwa mkono na bintiye, shati alilolishona kwa mikono yake likimpwaya. Tulipiga kelele kama watoto. Betri alimkumbatia mpaka binti akasema:

— Baba mdogo, taratibu! Kifua hicho!

Akakaa nafasi yake.

SINDANO: Mke wangu kaniambia mlinimiminia kila siku.

PROFESA: Bila kukosa, ndugu yangu. Hata leo!

SINDANO: Na hakuna aliyegusa?

BETRI: Athubutu nani!

Sindano akainua kikombe, akakipindua. Halikudondoka tone.

SINDANO: Sasa nani amekunywa?

Kinyozi akakumbuka ana mteja. Profesa akafungua gazeti, juu chini. Mimi nikapangusa masharubu.

Sindano akaanza kucheka. Wote tukasubiri kile kikohozi chake. Hakikuja. Akacheka mpaka mwisho.