Mwavuli Uliofungwa Juani

Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini, mkuu wa bustani ya hospitali yetu alistaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja. Kwa hesabu yake mwenyewe, hiyo ni mashine tatu za kukata nyasi na miavuli minne. Sote tunamwita Mwavuli, na wageni hudhani ni kwa sababu anaogopa mvua. Laiti wangejua.

Alianza kama kibarua wa kufagia majani. Wakati huo bustani yetu ilikuwa nyasi kavu, madebe mawili ya maua nje ya mapokezi, na benchi lililokosa mguu mmoja. Leo wagonjwa wa wodi ya mifupa hujifunza kutembea upya kwenye njia aliyoichora yeye, kutoka kichaka hadi kichaka. Muuguzi mkuu anasema hamu ya kwenda kuona kilichochanua imewatoa watu wengi zaidi kitandani kuliko makaripio yake yote.

Kila mwaka uongozi ulimtuma kwenye yale maonyesho makubwa ya maua ambayo wengi wetu tunayajua kwa picha tu. Aliyempeleka ni marehemu mume wangu, dereva wa hospitali. Kwa kuwa Mwavuli huniita dada, wale wawili walikuwa mashemeji, na kwa utani hakuna aliyemwonea mwenzake huruma. Mume wangu alipenda kusimulia jinsi Mwavuli alivyoingia pale, kofia mkononi, akinong'ona kama yuko wodini. Okidi zilifunika ukuta mzima. Kulikuwa na bustani nzima iliyopandwa ndani ya mtumbwi mbovu, na bwawa la mayungiyungi lenye sanamu kando yake, ambapo alisimama tuli hata mama mmoja akampiga picha pamoja nazo.

Kila safari alibeba mwavuli: alikwenda nao mwepesi, akarudi nao mzito. Nadhani sasa naweza kuyasema haya, kwani pensheni yake imeshapitishwa.

Mwaka wake wa tisa, mlinzi wa maonyesho alishangaa kuona mtu amebeba mwavuli chini ya anga lisilo na wingu. Mume wangu alijitia kusaidia, akaeleza kwamba shemeji yake haliwezi jua. Mlinzi akauliza mbona basi umefungwa. Ukafunguliwa, na vipandikizi kumi na saba vya waridi vikamwangukia mlinzi viatuni, pamoja na mkasi wa kukatia bendeji kutoka wodi yetu ya upasuaji.

Aliitwa mwenye mawaridi, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliokota vipandikizi kimoja kimoja, akavigeuza, akamtazama Mwavuli kwa masikitiko makubwa.

“Kuiba umeiba, mwanangu, lakini kukata hujui. Kifundo umekiacha kwenye mti wangu. Mizizi itatokea wapi?”

Mtu wa miaka tisa kazini alikalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kufundishwa upya, mbele ya mlinzi na shemeji yake, namna ya kukata chini kidogo ya kifundo. Mwishowe bibi alimpa kipandikizi kimoja alichokikata mwenyewe. Kilirudi kimefungwa pamba yenye maji, na mume wangu aliendesha polepole kama aliyebeba mtu aliyetoka kushonwa. Wakakipanda chini ya dirisha la ofisi ya kumbukumbu, mahali ninapofanya kazi.

Mume wangu alipofariki, nilimwomba Mwavuli asiuguse mwaridi ule. Alitii misimu miwili, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa adhabu. Ukawa pori. Matawi yaliziba dirisha, ua halikutoka hata moja, na shina likaanza kukauka. Asubuhi moja alikuja dirishani na mkasi, akaupitisha katikati ya miiba, mpini ukinielekea.

“Dada, shemeji naye alikuwa hapendi kunyolewa. Lakini kila Jumamosi ulimnyoa, na alipendeza.”

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Kisha nikatoka nje nikakata, yeye akinionyesha wapi. Msimu ule tulihesabu maua arobaini na mawili, na tangu hapo kazi ya kuunyoa ni yangu.

Ijumaa alikabidhi kila kitu kwa orodha: funguo, mipira ya maji, toroli, hata ule mkasi wa bendeji. Alipofika getini jua lilikuwa kali, na mwavuli ulikuwa umefungwa. Mlinzi wetu, anayeijua hadithi hii kwa moyo, alimwomba aufungue.

Vikadondoka vipandikizi vitatu vya mwaridi wa dirishani, vimefungwa pamba yenye maji. Niliitwa nitoe uamuzi. Nilivaa miwani, nikaviokota na kuvigeuza kimoja kimoja. Vilikuwa vimekatwa vizuri sana, chini kidogo ya kifundo. Nikavirudisha mwavulini.

Mwavuli, hospitali nzima inakushukuru kwa kila kitu kilichochanua hapa, kwa njia halali na zile nyingine. Tunakuombea afya, udongo laini na majirani wasiohesabu maua yao. Maonyesho yajayo dereva mpya ameahidi kutupeleka. Nitakaa kiti cha nyuma, na mwavuli wangu.