Bi Tu na Sentensi ya Pumzi Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mtu mliyemjua kwa sauti tu. Mlimwita Bi Tu. Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Alifariki Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, kwa homa kali ya mafua.

Alikuwa pia dada yangu, tumbo moja. Msimamizi wa studio aliniuliza kama mwingine asome. Nikasema nitasoma mwenyewe. Sijalia bado. Msidhani nimejikaza. Sisikii kitu, kama mdomo wenye ganzi uliotoka kung'olewa jino.

Tuanze na jina. Miaka sita iliyopita nilitangaza hapa kwamba mgeni wetu hakufika, ana mafua tu. Simu ikalia, kumbe ni yeye. "Mtangazaji," akasema, hakuniita mdogo wangu, "hiyo tu umeitoa wapi? Kuna mafua ya kupenga kamasi, na kuna mafua ya kulaza mtu kwenye mashine ya kupumulia. Yote tumeyapa jina moja. Basi usiongezee na tu." Akakata. Tangu siku hiyo kila nikiteleza alipiga, nanyi mkampa jina.

Kazi yake ilikuwa seli T. Hizi ni chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Alichukua damu ya wagonjwa wa mafua mahututi na kutazama walinzi hao wamefanya nini. Alikuwa akiifuata wodini mwenyewe, ghorofa tatu kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa na tabia zake. "Damu haisubiri mtu amalize chai," alisema.

Siku moja alimweleza mama yetu. Virusi vya mafua ni mwizi anayebadilisha shati kila mwaka. Seli T hazimtambui kwa shati, zinamtambua kwa mwendo. Zikiwahi, zinamkamata mlangoni. Lakini kwa mgonjwa mahututi mara nyingine zinachelewa, kisha zinaingia mapafuni kwa wingi, na katika kumsaka mwizi zinavunja nyumba. Ukipima damu wakati huo, seli T ni chache. Hazijafa zote. Nyingi zimehamia kwenye mapafu.

Mama alisikiliza akichambua mchele. Akasema, "Hao si walinzi. Hao ni wajomba zako. Wanachelewa, wanakuja wengi, na wanavunja vyombo." Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Ili kulinganisha, maabara ilihitaji pia damu ya watu wazima wa afya. Dada alijitolea yake. Kwenye vichupa vyake waliandika Mzima Saba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa Mzima Saba.

Na alikuwa na kipimo chake kisicho na mashine. Ukimpigia kusema mgonjwa wako ana mafua, alisema, "Mpe simu." Kisha alimwambia mgonjwa, "Niambie wewe ni nani, umeamka saa ngapi, umekula nini na umegombana na nani, yote kwa pumzi moja." Asiyefika mwisho wa sentensi alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Narudia, siku hiyo hiyo.

Jumapili nilimpigia. Nilikuwa kwa mama, simu nimeiweka kwenye spika. Nikasema, "Dada, mbona hujaja?"

Akasema, "Mafua. Tu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Leo zamu yangu kukurekebisha." Hakucheka. Akasema, "Nitalala. Kesho. Nitakuwa sawa." Nadhani alijua mama anasikia. Mimi ninayekula kwa kusikiliza sauti za watu sikusikia pumzi yake. Kipimo chake nilikijua kwa moyo. Sikumpima. Tukaendelea kula.

Jumatatu jirani alimpeleka hospitali. Jumatano saa tisa ikawa imekwisha.

Mwenzake wa maabara, aliyekaa naye meza moja, ndiye aliyepima damu yake. Ameniambia, "Seli T zilikuwa chache mno. Nikajua zimekwenda wapi. Nikaosha mikono. Nikaosha tena." Kisha akaniambia jambo jingine. Kwenye tangi la baridi kali kuna vichupa kumi na vinne vya Mzima Saba. Seli zake. Zikiyeyushwa vizuri, zinaamka. Hakujua azifanye nini, akaja kutuuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Kumbe kipo kipande chake kizima? Basi kisikae bure. Mwenyewe hakuwahi kukaa bure." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo natoa pole kwa familia ya marehemu. Nimezipokea. Pole zaidi kwa mama, ambaye redio iko karibu naye sasa hivi, na najua ameipandisha sauti.

Ninalowaomba ni dogo. Mtu wako akikwambia ni mafua tu, usicheke. Mwambie akupe sentensi nzima. Msikilize mpaka mwisho.

Leo mmenisikia nasoma maneno mafupi mafupi. Siumwi. Ndiyo pumzi niliyonayo. Lakini angepiga simu sasa hivi angenipima, kwa hiyo nijaribu. Mimi ni mdogo wake Bi Tu, nimeamka saa kumi na moja, sijala kitu, sijagombana na mtu isipokuwa nafsi yangu, na dada yangu aliyenifundisha kusikiliza alifariki Jumatano nikiwa sijamsikiliza, na hayakuwa mafua tu.

Nimefika mwisho, dada.