Miaka Thelathini na Minne ya Mama Anisia katika Wodi ya Wazazi

Tarehe 31 Oktoba 2025, Muuguzi Mkunga Justa Selestine, ambaye karibu sote tunamwita Mama Anisia, anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali yetu ya Mtakatifu Gerardi kwa miaka thelathini na minne. Alifika hapa Bukombe mwaka 1991 akitokea chuo cha ukunga, juu ya lori lililokuja kuchukua pamba, akiwa na sanduku la bati na viatu vyeupe ambavyo havikumaliza hata wiki kabla vumbi la hapa halijavibadilisha rangi.

Siku hizo wauguzi wetu wengi walikuwa watawa, kwa hiyo wagonjwa walimwita na yeye Sista. Hakuna aliyeona tatizo hadi alipoolewa na Mwalimu Clemens na tumbo likaanza kuonekana. Mzee mmoja wa Ushirombo, aliyekuwa akija kusafishwa kidonda cha mguu, alilitazama lile tumbo, kisha akachechemea moja kwa moja hadi kwa paroko kumshitaki Sista aliyevunja nadhiri. Paroko, ambaye ndiye aliyefungisha ndoa hiyo, alicheka mpaka akatafuta kiti. Mzee aliporudi wiki iliyofuata alileta kuku wa kuomba radhi, na Mama Anisia hadi leo husema yule alikuwa kuku mtamu kuliko wote aliowahi kula.

Mtoto mwenyewe, Anisia, alitaka kuja duniani kwa kutanguliza makalio. Uchungu ulisimama, daktari akaamua upasuaji, na mama na mwana wakatoka salama. Lakini wageni waliokuja kumwona mzazi walikuja na sura za msibani. "Pole, mayu, pole mama," walimwambia wakimpa uji. "Safari ijayo Mungu atakujalia, utazaa." Naye akawajibu, "Na huyu nilimwokota wapi?"

Tunalisimulia hilo kwa kuwa ndilo lililoiongoza kazi yake kwa miaka mingi. Zama hizo, kati ya wanawake ishirini waliojifungua hapa kwa mara ya kwanza, aliyepasuliwa alikuwa mmoja. Ukiisikia idadi hiyo leo unaweza kudhani mambo yalikuwa shwari. Hayakuwa shwari. Wengi waliohitaji kisu walichelewa kuletwa, au waliletwa ndugu wakakataa, na wapo tuliowazika. Aliyepasuliwa alisemwa kuwa legelege, hatafaa tena shambani. Na uchungu wa mimba ya kwanza ukikawia, binti alibanwa ataje wanaume wa nje aliotembea nao, eti akitaja mtoto atatoka.

Ndivyo alivyoletwa Mbuke mwaka 1996, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akiwa amehangaika nyumbani tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekwama na mapigo ya moyo wake yalianza kudhoofu. Daktari alikuwa tayari, thieta ilikuwa tayari. Asiyekuwa tayari ni mama mkwe, aliyekaa mlangoni na kanga kiunoni huku mwanawe, mume wa Mbuke, akitazama chini.

"Ataje kwanza alikotembea," mama mkwe alisema. "Hakuna kisu hapa."

Mama Anisia hakumgombeza. Alimwamkia shikamoo, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia. Huko akapandisha gauni lake la kazi na kumwonyesha kovu.

"Mama, mimi nilitaja nini? Mtoto alikaa vibaya, basi. Sasa hivi yuko nyumbani anavunja vikombe."

Yule mama alilipapasa kovu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima ubora wa kitenge. "Na unalima?"

"Nalima."

"Na maji unabeba?"

"Nabeba, mama. Na kuni."

Mama mkwe akatoka nyuma ya pazia na kumwambia mwanawe, "Wampasue." Mtoto alizaliwa hai, wa kike, akaitwa Justa. Tangu hapo kovu la Mama Anisia lilionyeshwa kwa akina mama wakwe wengi kuliko anavyopenda kukiri, na Justa wengine wakazaliwa. Katika kigango cha akina Mbuke, ukiita jina hilo siku ya Jumapili, benchi zima linageuka.

Mwaka 2006 alikabidhiwa uongozi wa wodi ya wazazi. Barabara ilikuwa imeanza kuwa nzuri, gari la wagonjwa lilikuwepo, na dhahabu ilikuwa imeleta watu kutoka kila upande. Wake wa wachimbaji walikuja kujifungua wakitokea Nyarugusu na hata Mwakitolyo. Kikundi kimoja cha wachimbaji kilimshukuru kwa kuliita shimo lao jipya Duara la Mama Anisia. Halikutoa hata chembe. Walikuja kumweleza kwa unyonge, naye akawaambia kwamba yeye kazi yake ni kutoa watoto.

Hofu ya kisu ilikwisha. Tuseme kweli, ilikwisha kupita kiasi. Kufikia mwaka 2018, kati ya wanawake watatu waliojifungua hapa kwa mara ya kwanza, mmoja alipitia thieta. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Tuliwahimiza mabinti wawahi hospitali, wakawahi mno. Tukawalaza kitandani uchungu haujakolea. Wakachoka, nasi tukachoka, tukaandika kwamba uchungu umekawia. Wakunga tulikuwa wachache. Daktari wa zamu aliogopa kulaumiwa kwa kusubiri, kwa maana hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kupasua. Na wapo wanawake wa mjini walioomba wenyewe, kwa sababu shoga yao fulani alipasuliwa na wiki ya tatu alionekana harusini.

Mama Anisia alianza kuuliza maswali kwenye vikao vya asubuhi. Tulimtania. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, si wewe uliyetufundisha kuwapeleka?" Alicheka, lakini hakuacha kuuliza.

Kisha akaja Jenifa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hapahapa kwa upasuaji. Miaka miwili baadaye mume wake alisikia kuna dhahabu imeonekana mbali, wakahama na kuishi kwenye maturubai kando ya machimbo, mahali pasipo na zahanati karibu. Uchungu wa pili ulimkuta huko. Kovu la kizazi likaachia, akakimbizwa kwetu. Dk. William, aliyekuwa na mwaka mmoja tu hapa, aliyaokoa maisha ya Jenifa kwa ustadi ambao waliokuwemo thieta bado wanauzungumzia. Mtoto hakupona.

Alipopata nguvu ya kukaa, Jenifa aliuliza, bila hasira, "Mara ile ya kwanza nilipasuliwa kwa nini?"

Mama Anisia na Dk. William walikuwa wamesimama pande mbili za kitanda. Dk. William alikwenda kutafuta faili lake la zamani, na alirudi jioni akamweleza Jenifa ukweli: kwamba siku ile njia ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kufunguka, mtoto alikuwa mzima, na pengine angeweza kungojewa. Akamwomba radhi kwa niaba ya hospitali. Mama Anisia alikaa naye baada ya hapo, na wote wawili walilia.

Kutoka siku hiyo wawili hawa, ambao awali hawakupatana sana, walifanya kazi pamoja. Daktari alikusanya takwimu za hospitali za miaka yote na kutuonyesha jinsi mstari ulivyopanda. Mama Anisia alituambia mstari huo maana yake nini kwa watu wetu: mwanamke anayeishi karibu na thieta anaweza kubeba kovu lake bila shida, lakini mke wa mchimbaji huhama na dhahabu, na kovu linahama naye. Ndiyo maana uzazi wa kwanza uangaliwe kwa makini kuliko wote, kwani mara nyingi ndio unaoamua uzazi unaofuata.

Tukakubaliana taratibu mpya. Ambaye uchungu wake haujakolea atembee, ale, apumzike kwenye nyumba ya kungojea, asilazwe mapema. Kila mjamzito aingie na ndugu wa kumshika mkono. Na pasipo dharura, mwenye mimba ya kwanza asipelekwe thieta mpaka watu wawili wamchunguze na kukubaliana. Dk. William alitaka jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa: kwamba kusubiri kuwe kusubiri kwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, siyo kusubiri kwa kukaa. Mama Anisia alisema hilo ndilo neno bora lililosemwa siku hiyo.

Wa kwanza kupita kwenye utaratibu huo alikuwa Yasmini, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuja kliniki ameshaamua. "Mimi nataka kupasuliwa, Mama Anisia, sitaki maumivu," alisema, na mume wake, Nassibu, akaitikia kwa kichwa. Mama Anisia hakumhubiria. Alimweleza maumivu ya njia zote mbili, akamuuliza ana mpango wa kupata watoto wangapi. Yasmini akajibu watano. Nassibu akashituka, maana hakuwa amesikia hesabu hiyo. Wakaondoka wakibishana kwa furaha, na Yasmini akakubali kujaribu.

Siku ilipofika aliingia na mama mkwe wake, Bi. Mwahija, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kaswida. Walitembea kwenye korido asubuhi nzima, Bi. Mwahija akimsimulia vituko vya Nassibu utotoni ili kumsahaulisha uchungu. Wodi nzima ilikuwa inacheka. Sisi wengine, tukijua kwamba hospitali inatutazama, tulikuwa tumeshaanza kushangilia moyoni.

Mchana mambo yakageuka. Njia iliacha kufunguka, na Mama Anisia alipoweka kifaa chake tumboni, uso wake ulibadilika. Akasikiliza tena, katika uchungu na baada ya uchungu. Mapigo ya mtoto yalikuwa yakishuka na kuchelewa kupanda. Dk. William alikuja amejiandaa kwa mabishano. Hakuyakuta.

"Daktari, sasa," Mama Anisia alisema. "Tusikawie."

Alimsukuma Yasmini mwenyewe hadi mlango wa thieta, akimwambia njiani, "Hujashindwa kitu, mwanangu. Umefanya kazi yako, sasa ni zamu ya daktari." Mtoto wa kiume alitoka na kitovu kimemzunguka shingo, akalia kwa nguvu. Bi. Mwahija alipiga vigelegele vilivyosikika hadi stoo ya dawa.

Baadhi yetu tulinung'unika kwamba utaratibu mpya umeanza vibaya. Mama Anisia alitushangaa. "Mlikuwa mnataka nini, ushindi? Mimi nilikuwa nasubiri mtoto. Amekuja." Kwa maneno hayo aliiponya wodi. Madaktari waliona kwamba mkunga huyu hakichukii kisu, nasi tukaacha kuhesabu kila upasuaji kama bao la kufungwa.

Wiki hiyo hiyo mabinti wawili, mmoja kutoka Ushetu, walijifungua mimba zao za kwanza kwa njia ya kawaida, na wengine wakafuata. Leo, kati ya wanawake watano wanaojifungua hapa kwa mara ya kwanza, anayepasuliwa ni mmoja, na vifo vya watoto wachanga havikuongezeka, vimepungua. Mwaka jana idadi ya upasuaji ilipanda kidogo tena, na Mama Anisia hakutuficha kwamba ametuona tukilegea. Kwa hiyo hatusemi kazi imekwisha. Jenifa naye alirudi mwaka 2022. Safari hii alikaa kwenye nyumba yetu ya kungojea tangu mimba ilipofika mwezi wa nane, akapasuliwa kwa siku iliyopangwa, na alitoka hapa amembeba binti. Mama Anisia ndiye aliyemfunga ubeleko.

Wastaafu wengi hufungua duka. Mama Anisia anasema anakwenda kulima mpunga na Mwalimu Clemens, na kwamba simu yake itazimwa. Sisi tunaomjua tunajua haitazimwa.

Mama Anisia, ulipotukuta tunaogopa kisu ulitutoa hofu, na ulipotukuta tunakikimbilia ulitushika nguo. Kwa niaba ya madaktari, wakunga, wahudumu, na kwa niaba ya akina Justa wote walioko mashuleni na mashambani, tunasema asante; wabeja sana, mayu. Mpunga wako uzae, magoti yako yapone, wajukuu wakuchoshe. Ukae salama katika maisha yako mapya. Wodi tutaiangalia, na mapigo tutayasikiliza.

Rosemary Amosi
Muuguzi Mkunga, Wodi ya Wazazi